Majuma ya Kwanza ya Krapf Mombasa, na Kadhi Aliyemfundisha

Katika masomo yetu ya historia ya Kiswahili, jina la Johann Ludwig Krapf linapita haraka. Tunaandika daftarini kwamba alikuwa mmisionari Mjerumani, kwamba alitunga kamusi, na kwamba kamusi hiyo ilichapwa London mwaka 1882. Kisha mwalimu anaendelea na Steere, Sacleux na Johnson. Mimi nimemrudia Krapf kwa sababu ya swali moja linalomhusu kila mwanafunzi wa isimu anayejiandaa kwenda uwandani: mtu anayefika ugenini bila kuijua lugha ya wenyeji huanzia wapi? Sehemu kubwa ya jibu nimeiona katika majuma kumi hivi ya maisha yake, tangu Mei hadi Julai 1844. Katika majuma hayo aliianza kazi iliyompa jina, na katika majuma hayo hayo aliwazika mke na mtoto.

Kijana wa Derendingen

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, kijiji kilicho karibu na Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akalala mgonjwa kwa muda wa miezi sita. Kitandani alisoma sana, hasa Biblia. Alipopona, jamaa zake waliona kwamba mtoto huyu hakuumbiwa jembe, naye akapelekwa shule mjini Tübingen. Huko ndiko alikopata atlasi. Alipoifungua upande wa Afrika ya Mashariki, aliona majina machache mno, akajiuliza kama nchi ile yote ilikuwa ya fisi tu. Tunaweza kumcheka, lakini swali la mtoto lilikuwa zuri kuliko ramani: aliona kwamba waliochora hawakujua kitu, hata kama hawakukiri.

Mwaka 1827 aliingia seminari ya misheni mjini Basel, Uswisi. Aliiacha kwa muda, akasomea teolojia Tübingen na kuwa mchungaji, kisha akairudia nia yake ya kwanza. Chama cha Church Missionary Society cha Uingereza kilimpokea, na mwaka 1837 akaondoka kwenda Ethiopia. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Ethiopia ilimfundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mgeni hukaa kwa ridhaa ya mwenye nchi. Mwaka 1838 yeye na wenzake walifukuzwa Adwa, na alipopata nafasi ya pili, katika ufalme wa Shewa, alikaa huko tangu 1839 hadi 1842 kwa sababu mfalme Sahle Selassie alimpokea. La pili ni lugha. Alijifunza Kiamhari, akakusanya maandiko ya Kigeez, na juu ya yote akaipenda lugha ya Kioromo. Mwaka 1840 alichapisha muhtasari wa sarufi yake. Aliamini kwamba Waoromo, kwa wingi wao na kwa mahali walipokaa, wangekuwa kwa Afrika kama Wajerumani walivyokuwa kwa Ulaya, na kwamba wakiipokea Injili, bara zima lingewafuata. Ndoto hiyo ndiyo iliyomleta pwani ya Waswahili. Kiswahili hakikuwa shabaha yake. Kilikuwa njia ya kuwafikia wengine.

Mlango wa kaskazini unafungwa

Mwaka 1842 Krapf aliondoka Shewa, akaporwa mali yake njiani, akafika pwani akiwa hana kitu. Mwaka huo huo alimwoa Rosine Dietrich mjini Aleksandria. Walijaribu kurudi Ethiopia pamoja, lakini njia zilikuwa zimefungwa. Katika safari hiyo Rosine alijifungua mtoto wa kike nyikani, si mbali na Massawa. Mtoto hakuishi. Wazazi wake walimwita Eneba, jina lenye maana ya chozi katika Kiamhari.

Hapo Krapf akageuza ramani. Kama hakuna njia ya kuwafikia Waoromo kutoka kaskazini, atawaendea kutoka kusini. Mwishoni mwa 1843 yeye na Rosine walipanda jahazi huko Aden. La kwanza lilikaribia kuzama, wakarudi, wakapanda jingine. Tarehe 7 Januari 1844 walifika Unguja.

Unguja ya wakati ule ilikuwa makao ya Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibari. Krapf alisaidiwa na Atkins Hamerton, balozi wa Uingereza, akafikishwa mbele ya sultani. Kwa kuwa alijua Kiarabu, aliweza kuzungumza kwa mdomo wake mwenyewe. Sultani alimpa barua kwa magavana wake wa pwani, akiwaagiza wampokee kama mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu. Ni jambo la kukumbukwa: mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti katika pwani hiyo aliingia kwa barua ya mtawala Mwislamu.

Krapf angeweza kubaki Unguja, penye ubalozi na usalama. Lakini mawazo yake yalikuwa kwa Waoromo, na Mombasa ilikuwa karibu nao zaidi. Baada ya kuizunguka pwani na kuikagua, alihamia Mombasa na mkewe mwezi wa Mei. Rosine alikuwa mjamzito tena.

Mji wenye vitabu vyake

Tukisoma habari za wamisionari, mara nyingi tunapata picha ya mtu anayefika mahali ambapo hakuna maandishi, akawapa watu alfabeti. Picha hiyo haiihusu Mombasa. Mji huo ulikuwa na miskiti, makadhi na walimu, na watu wake waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Mahali pengine pwani, hati ya Utendi wa Tambuka ilikuwa na tarehe ya 1728. Mombasa yenyewe ilikuwa imempoteza Muyaka bin Haji miaka michache tu kabla Krapf hajafika, na mashairi yake yalikuwa bado vinywani mwa watu. Ulikuwa pia mji wenye kidonda: mwaka 1837 Sayyid Said alikuwa amewashinda Wamazrui na kuitwaa Mombasa. Mgeni aliyekuja na barua ya Sayyid alikuja na jina la mshindi mkononi.

Katika mji huo Krapf alikuwa na lugha moja ya daraja, yaani Kiarabu. Kiliweza kumfikisha kwa wenye elimu na wenye madaraka. Hakikumfikisha kwa mvuvi, kwa mtumwa, kwa mwanamke jikoni, wala kwa watu wa bara walioingia mjini kuuza nafaka, ambao wenyeji wa mji waliwaita Wanyika na ambao leo wanajiita Mijikenda. Kwa hao alihitaji Kiswahili, na baada ya Kiswahili, lugha zao wenyewe.

Ninamfikiria hapa kama mwanaisimu, maana lugha alizozijua kabla ya hapo hazikumwandaa kwa hizi. Katika Kiarabu na Kiamhari, mzizi wa neno ni konsonanti zinazobadilishiwa vokali ndani. Katika Kioromo, mzigo mkubwa wa sarufi uko mwishoni mwa neno. Sasa alikutana na lugha ambamo kazi inaanzia mbele: mtu mmoja, watu wawili, kitu kimoja, vitu viwili, na kila neno katika sentensi likivaa nguo ya nomino inayolitawala. Sisi tunaokua tukisikia Kiluba, Kibemba na Kiswahili nyumba kwa nyumba hatushangai. Yeye lazima alishangaa, na mshangao ulimfaa. Aliposikia mtu mjini, mutu kwa watu wa Rabai na mundu kwa Wakamba, aliona haraka kwamba hizi ni ndugu. Mwaka 1850 alichapisha orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki, ambamo Kiswahili, lugha ya Wanyika, Kikamba, Kipokomo na Kiyao vinasimama pamoja kando ya Kioromo. Yeyote anayeifungua anaona wazi kwamba tano ni za ukoo mmoja na ya sita ni mgeni. Jina Bantu kama istilahi ya isimu, Wilhelm Bleek alilieneza katika sarufi linganishi yake ya 1862.

Tarehe 8 Juni

Krapf alikuwa Mombasa kwa mwezi mmoja hivi alipoanza, tarehe 8 Juni 1844, kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi mmoja! Leo mwanafunzi akimwambia mwalimu wake kwamba anatafsiri kitabu baada ya mwezi mmoja wa kujifunza lugha, atatolewa ofisini. Lakini nikiitazama kazi yenyewe, naona kwamba tafsiri hii ilikuwa shule yake. Hakungoja kuijua lugha ndipo atafsiri. Alitafsiri ili aijue.

Wala hakuwa peke yake. Aliyeketi naye ni Ali bin Mohiuddin, kadhi wa Mombasa. Krapf mwenyewe aliliandika jina lake, kwa tahajia yake, ndiyo maana tunalijua. Fikirini jambo hili. Kadhi wa mji wa Kiislamu, hakimu wa sharia, anakaa na mgeni Mkristo na kumsaidia kuandika maneno ya kwanza ya Biblia katika lugha yake. Kiarabu kilikuwa kati yao, na hadithi pia ilikuwa kati yao, kwa sababu kuumbwa kwa mbingu na nchi, Adamu, bustani na kufukuzwa ni mambo ambayo kadhi aliyajua katika Kurani. Kwa kazi ya lugha, hakuna kitabu ambacho kingefaa zaidi. Sura za mwanzo zina sentensi fupi zinazojirudia, zina majina ya vitu vya kila siku, maji, nuru, miti, samaki, ndege, wanyama, na zina vitenzi vya kutenda na kutendwa. Mtu anayezipitia na mwenyeji mwenye subira anatoka na nusu ya sarufi.

Anatoka pia na maswali ambayo bado ni yetu. Neno la mahali tunapokaa liwe ardhi, lililotoka kwa Waarabu, au nti, kama wanavyosema Wamvita mahali ambapo Waunguja wanasema nchi? Kila mstari ulimlazimu mtafsiri kuchagua kati ya maneno ya msomi na maneno ya njiani. Ali bin Mohiuddin alikuwa msomi, na Kiswahili cha msomi kilibeba Kiarabu kingi. Baadaye Krapf alikilaumu Kiswahili cha Unguja kwa wingi wa Kiarabu chake, akakisifu Kimvita, na akazidi kuwatazama watu wa bara kama chemchemi ya maneno ya asili. Kamusi yake ina alama za mikondo hiyo yote. Ndiyo maana ndani yake tunakutana na umbo la Kimvita, kitwa, mato, ndia, mtele, ambalo watu wengi wa leo wanaliona kama kosa la kuandika. Si kosa. Ni sauti ya mji alimojifunzia.

Julai

Mwanzoni mwa Julai homa iliingia nyumbani. Krapf alianguka wa kwanza, kisha Rosine. Tarehe 6 Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike. Siku zilizofuata mume na mke walilala wote wawili, kila mmoja akiwa hana nguvu ya kumwuguza mwenzake. Rosine alifariki tarehe 13 Julai, na mtoto akamfuata baada ya siku mbili. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo watu wa bara walipita wakija mjini. Kaburi lao bado linatunzwa, upande wa Nyali.

Krapf aliwaandikia wakuu wake wa London barua ambayo wamisionari wengi waliisoma baada yake. Aliwaambia kwamba sasa kuna kaburi la upweke katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwamba hiyo ni dalili kuwa vita vimeanza upande huu wa dunia. Hakuomba kurudishwa nyumbani. Ninaisoma barua hiyo kwa heshima na kwa mashaka pia. Ninaheshimu kwamba mtu aliyepoteza wote aliokuwa nao aliweza kuinuka na kushika kalamu. Nina mashaka kwa sababu kaburi la mwanamke wa Basel linageuzwa mara moja kuwa bendera, na yeye mwenyewe, Rosine, aliyezaa mara mbili katika nchi za ugeni na asione mtoto yeyote akikua, hasikiki mahali popote katika barua hiyo.

Kazi iliendelea. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alifika, na mwezi wa Agosti wakaanzisha kituo Rabai. Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf aliuona Mlima Kenya mwaka 1849 akiwa katika nchi ya Wakamba. Wanajiografia wa Ulaya waliwacheka kwa kudai kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Sura tatu za kwanza za Mwanzo, tunda la Juni 1844, zilichapwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la American Oriental Society. Mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ilitoka Tübingen. Mwaka 1853 afya ilimrudisha Ulaya. Aliishi Kornthal, akaendelea na karatasi zake, na huko alikutwa amefariki tarehe 26 Novemba 1881, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi ilitoka mwaka uliofuata. Waoromo, ambao kwa ajili yao alifika Mombasa, hakuwafikia tena kama alivyotumaini.

Herufi

Kuna uamuzi mmoja wa Krapf ambao nadhani tunapaswa kuujadili zaidi katika fakulte yetu. Alichagua kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini, na katika sarufi yake ya 1850 alieleza sababu. Moja ilikuwa ya isimu: herufi za Kiarabu, kama zilivyotumiwa, hazitofautishi baadhi ya sauti za Kiswahili. Ya pili ilikuwa ya dini: aliogopa kwamba herufi za Kiarabu zingefungua njia ya Uislamu kwa watu wa bara. Ya kwanza inaweza kupimwa, na hata Waswahili wenyewe waliongeza alama kwenye herufi zao ili kutibu upungufu huo. Ya pili si hoja ya isimu, na tusiifundishe kana kwamba ni hoja ya isimu.

Krapf huyo huyo alizijua thamani za vitabu vya zamani. Mwaka 1854 alipeleka Halle, kwa chama cha wataalamu wa mambo ya Mashariki, hati za tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Aliokoa kwa mkono mmoja maandishi ambayo kwa mkono wa pili aliyawekea mwisho. Sisi wa Kongo tumo katika habari hii. Tippu Tip alipoandika maisha yake, yakiwemo ya Kasongo na Manyema, aliyaandika kwa Kiswahili na kwa herufi hizo za Kiarabu, na ikabidi Heinrich Brode ayageuze kwa Kilatini ndipo wasomi wengine wayasome. Historia ya mashariki ya nchi yetu ina ukurasa katika maandishi ambayo wengi wetu hatuwezi kuyasoma, ingawa tunasomea Kiswahili.

Nani aliyefundisha nani

Nikijumlisha, sioni kwamba Krapf alikuwa shujaa peke yake, wala sioni kwamba alikuwa mwizi wa lugha. Naona mwanafunzi mkaidi, mwenye masikio mazuri, aliyefika kwa nia nyingine na akakamatwa na lugha aliyoitaka kwa safari tu. Naona pia mwalimu wake. Katika vitabu vyetu Krapf ni babu wa kamusi ya Kiswahili, na Ali bin Mohiuddin, akitajwa, ni msaidizi. Kwa siku zile za Juni 1844 mambo yalikuwa kinyume. Kadhi ndiye aliyekuwa mtaalamu, na mchungaji ndiye aliyekuwa akisahihishwa.

Si Krapf tu. Kamusi ya Kinyasa ya Rebmann, iliyochapwa 1877, ilitoka katika kinywa cha mtumwa mmoja jina lake Salimini. Wamisionari hao wawili, pamoja na makosa yao yote, walituachia majina ya walimu wao. Nimepitia kazi nyingi za mwisho wa masomo zilizoandikwa na wanafunzi wa lugha za Kiafrika, na mara nyingi wazee waliotoa lugha yao wamekuwa namba tu: msemaji wa kwanza, msemaji wa pili, umri, jinsia, kijiji. Ikiwa mzee ameomba asitajwe, basi asitajwe. Lakini tusimnyamazishe kwa mazoea. Ninapendekeza kwamba kila kazi ya uwandani katika fakulte yetu iweke mbele, kabla ya utangulizi, ukurasa mmoja wa walimu wa lugha, wenye majina ya waliokubali kutajwa na kile ambacho kila mmoja alifundisha. Mtu atakayeisoma kazi hiyo baada ya miaka mia moja na themanini atajua ametoka wapi kila neno, na kwa kinywa cha nani.